Nishikie Birika

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi ni mimi. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu wameukalia ubao huo miaka kumi na kiti changu cha kunyolea hawakijui kina rangi gani. Wanakuja na nywele kichwani, wanaondoka na nywele kichwani, katikati wamekunywa vikombe vitatu vya kahawa na kumaliza matatizo ya dunia nzima. Nawasema kila siku. Na siku wasipotokea nachungulia mlangoni kila baada ya kichwa kimoja, moyo haujatulia. Mungu aniwekee watu hawa, hata bila kunyoa.

Kahawa ni ya Mzee Birika, na pale benchini tuna sheria moja tu, ambayo hatukuiandika popote. Maji ya mzee yakiisha, huchukua ndoo akaenda bombani nyuma ya duka la ushonaji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu yake ilivyo. Kabla ya kwenda humgeukia mtu mmoja akamwambia, "Nishikie birika." Huyo anahamia kwenye kigoda kando ya jiko, anachunga mkaa, mteja akija anammiminia, na mzee akirudi kupika birika jipya, kikombe cha kwanza ni cha aliyeshika. Huombi kushika. Unaambiwa. Mimi niliambiwa baada ya mwaka na miezi minne. Kocha, anayefundisha timu ya mpira ya mtaa, ana miaka miwili pale na hajaambiwa, na jambo hilo linamuumiza kuliko msimamo wa ligi.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, katikati ya benchi kulikuwa na karatasi imekandamizwa na kikombe kitupu. Ilikuwa hapo tangu Jumatatu. Ni karatasi ya Fundi Kufuli.

Fundi Kufuli ana fremu ndogo mkabala na kwangu, anatengeneza makufuli, vitasa na funguo. Miaka kumi na tisa iliyopita alitoka gerezani baada ya kukaa miaka minne kwa kuvunja nyumba za watu, nyingine za mtaa huu huu. Leo hakuna mlango hapa ambao hajaushika, na funguo za akiba za mtaa mzima zimening'inia ukutani kwake, kila moja na kibandiko chake. Siku mjukuu wangu alipojifungia ndani na jiko limewaka, ni yeye aliyeufungua mlango kabla sijamaliza kupiga kelele. Mpaka leo nikimwona mtoto yule anakimbia, namshukuru Fundi kimoyomoyo.

Kila mwezi Fundi huenda gerezani kuwatazama wasio na wa kuwatazama, maana yeye miaka yake minne hakutembelewa. Huko alikuwa akionana na Bati, fundi wa kuezeka mapaa wa mtaani kwetu, ambaye kifungo chake kilikuwa kinaisha Alhamisi. Fundi alitaka amchukue afanye naye kazi. Mwenye fremu akasema sawa, ila kwanza lete saini nne za majirani kwamba wamekubali, la sivyo sitaki mwizi kwenye jengo langu. Saini zenyewe: yangu, ya Faili wa pale benchini, ya Mama Sindano jirani yangu na ya Mzee Birika.

Tatizo lilikuwa hapo kwa Mzee Birika. Kitu alichoiba Bati kilikuwa ni birika lake. Birika la shaba, alilorithi kwa baba yake, lililompa hilo jina. Lilipopatikana lilikuwa limeshakatwa vipande kwa muuza vyuma chakavu. Sasa mzee anamiminia kutoka kwenye birika la bati lenye mfuniko uliobonyea, na siku tatu alikuwa akigawa kahawa kuizunguka karatasi ile bila kuigusa. Na sisi watatu tulikuwa tunamsubiri yeye, au tuseme tulikuwa tumejificha nyuma yake.

Ndipo akatokea binti mmoja na begi mgongoni na makaratasi kifuani.

— Shikamoni wazee wangu.

— Marahaba binti, nikamjibu. Unataka kupunguza nywele?

— Hapana baba. Nimetoka chuoni, nafanya utafiti.

Faili akakaa vizuri. Huyu alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na neno utafiti humwamsha hata kama alikuwa anasinzia.

— Utafiti wa nini hasa?

— Kwa nini watu wanaingia kwenye uhalifu, na wakishatoka gerezani ni kitu gani kinawafanya wasirudie. Nina maswali arobaini, hayachukui muda.

Tukatazamana. Tukamtazama Fundi Kufuli, aliyekuwa mwisho wa benchi anakwaruza ufunguo kwa tupa, maana huyo hakai mikono mitupu. Halafu tukajifanya hatukumtazama, na tulijifanya vibaya sana.

— Umefika penyewe, akasema Faili. Mzee Birika, mpe mgeni kahawa. Binti, toa kalamu. Mimi mafaili yaliyopita mikononi mwangu hayana hesabu. Chanzo cha uhalifu ni saini.

— Saini?

— Saini. Mtu ambaye saini yake inapanda, huyo ni mtu wa maendeleo. Ikishuka, mwizi. Sijasoma kwenye kitabu, nimeona kwa macho.

— Na yako inaendaje? ikauliza sauti dirishani.

Hiyo ni ya Mama Sindano, mshonaji. Duka lake limepakana na langu. Yeye benchini hakai, ila cherehani yake iko dirishani na masikio yake yako nje.

— Yangu imenyooka, akasema Faili.

— Nimeiona kwenye daftari la vipimo. Inashuka mpaka inatoka kwenye mstari.

— Siku ile meza yako ilikuwa imeinama.

Binti akaandika. Kuona kweli anaandika, Kocha akashindwa kuvumilia.

— Usipoteze wino wako kwenye saini, dada. Tazama mpira. Mshambuliaji kazi yake ni kupora, tangu mdogo anafundishwa avizie, apore, akimbie, ashangiliwe. Unategemea nini akikua? Lakini hujawahi kusikia golikipa kaiba. Golikipa ni mlinzi wa mali.

— Mimi nilikuwa golikipa, akasema Fundi Kufuli bila kuinua macho.

Kocha akameza kahawa.

— Ulikuwa golikipa mzuri?

— Mechi ya mwisho niliachia saba.

— Basi hukuwa golikipa. Ulikuwa mtu umesimama golini. Dada, usiandike hilo.

— Ninyi wanaume mnazunguka, akasema Mama Sindano. Ni mifuko. Tazama nguo za watoto za siku hizi, mifuko imechorwa tu, mkono hauingii. Mtoto anakua hana pa kuweka kitu akakiita changu. Sasa ambaye hajawahi kuwa na chake, cha mwenzie atakijuaje?

— Hilo lina mantiki, akasema mtafiti, na kalamu ikakimbia.

Hapo Faili akaona mifuko inampiku.

— Mantiki si hiyo. Subiri nikupe ambayo sijamwambia mtu. Ni milango. Nyumba yenye mlango unaofunguka kwa nje hutoa wezi. Mtoto anazoea kusukuma na kutoka, kusukuma na kutoka. Mlango wa kufunguka kwa ndani unamfundisha mtu kurudi nyuma hatua moja na kufikiri.

— Na madirisha? akauliza Kocha.

— Madirisha hutoa mawakili.

Mimi nilikuwa nimeamua kukaa kimya, nina mteja kitini, povu liko kidevuni. Lakini nikaona wote wanaingia kwenye kitabu, nitabaki mimi tu mwenye ukuta.

— Binti, nikasema mlangoni, wembe mkononi. Hakuna kitu hapo zaidi ya kisogo. Mimi vichwa navishika. Mtu ambaye nywele za kisogoni zina vizunguko viwili, usimwachie nyumba. Kimoja kinamwambia twende, kingine kinamwambia twende haraka.

Mteja wangu akapeleka mkono kisogoni polepole. Nikamwambia wewe una kimoja, kaa utulie.

Mtafiti akatazama makaratasi yake.

— Naona hakuna aliyetaja kukosa kazi. Wala makundi mabaya, wala malezi, wala njaa.

— Hayo yanajulikana, akasema Faili kwa upole. Sisi tunakupa yasiyojulikana.

Mzee Birika peke yake hakuwa amesema. Alikuwa anapuliza mkaa, miwani yake mizito imening'inia shingoni kwa uzi. Huivaa akitaka kusoma, au akitaka kumtazama mtu anayemtilia shaka. Kwa kahawa haihitaji, mikono inajua njia.

— Haya, sehemu ya pili, akasema mtafiti, akageuza ukurasa. Je, unamfahamu mtu aliyefungwa kisha akabadilika? Ni nini kilimbadilisha?

Hapo sasa benchi likawa zito. Kocha akakitazama kiatu chake. Cherehani ya Mama Sindano ikakimbia bila kitambaa, naijua sauti yake.

— Mimi hapa, akasema Fundi Kufuli. Andika, binti. Hawa wanaona haya kunitaja, na mimi sioni haya kutajwa.

Ni kama mtu kafungua bomba. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake kifuani.

— Kusema ukweli wa Mungu, akaanza Faili, ni mimi. Wiki ya pili tangu atoke nilimkalisha chini, nikamsomea vifungu vyote vya sheria ya wizi, kimoja baada ya kingine, mpaka alasiri.

— Ni kweli, akasema Fundi. Alinisomea.

— Vifungu havimvishi mtu, akasema Mama Sindano. Mimi nilimshonea suruali ya kaki ya mifuko sita. Mwambie mwenyewe.

— Ni kweli, mama. Ninayo mpaka leo. Tupa zangu zinakaa humo.

— Na mimi nikamnyoa, nikasema, nikamtengeneza mpaka mama yake mzazi akampita njiani.

— Ni kweli, kaka. Na sikio ukalikata kidogo.

— Kidogo sana.

— Mimi sikuwepo miaka hiyo, akasema Kocha, ila ningekuwepo ningemkimbiza raundi ishirini kila asubuhi.

— Na wewe asante, Kocha, akasema Fundi. Asanteni nyote. Sisemi kwa kuwafurahisha. Kila mmoja alifanya alilofanya, na lilinifaa.

Alisema hivyo kwa utulivu wake ule, na mimi nikajisikia vizuri, halafu nikajisikia vibaya kidogo kwa kujisikia vizuri. Mtafiti hakuridhika. Ana jicho yule binti.

— Lakini hao wote walikuja wiki ya pili na kuendelea. Mimi nauliza kilichoanza.

Fundi akaweka tupa chini. Hilo si jambo la kila siku.

— Nilitoka asubuhi kama hii. Nimevaa nguo nilizoingilia, zimenibana kila mahali. Nikaupita mtaa huu wote, na nilivyokuwa napita madirisha yanafungwa, moja moja.

— Hata langu? akauliza Mama Sindano.

— Lako lilikuwa la kwanza, mama.

Cherehani ikasimama.

— Nisamehe, mwanangu.

— Ulishona suruali. Tulishamaliza. Basi, nilikuwa naelekea ng'ambo ya soko, kuna jamaa yangu alikuwa ananisubiri na kazi. Kazi zetu zile. Ghala, watu watatu, alikuwa anamtafuta wa tatu. Nikafika hapa. Benchi halina mtu. Mzee huyu ameinamia jiko lake, akanyanyua kichwa, akaniambia, "Nishikie birika, naenda bombani." Akachukua ndoo akaenda zake. Ameniachia birika la shaba, vikombe, jiko, kila alichokuwa nacho. Mimi. Niliyetoka gerezani saa hiyo.

— Ukafanyaje?

— Nikashika. Ningefanyaje? Wakaja wateja wawili nikawamiminia. Mmoja akaniambia asante. Binti, miaka minne nilikuwa sijaambiwa asante na mtu. Mzee aliporudi akapika, akanipa kikombe cha kwanza. Nilipokimaliza, hamu ya kwenda ng'ambo ya soko ikawa imeniisha. Nikakaa hapa mpaka jioni. Kesho yake nikarudi.

Mtafiti alikuwa haandiki tena, anasikiliza tu. Kocha alikuwa anapepesa macho akisingizia moshi. Tukamgeukia Mzee Birika ili tumpe heshima yake, tukamkuta amekaa vibaya, birika limemlemea mkononi.

— Fundi, akasema. Nina neno, na limenikaa miaka kumi na tisa.

— Sema, mzee.

— Siku ile sikuwa na miwani. Mke wangu alikuwa ameikalia, imevunjika vipande viwili. Nilikuwa naona vivuli. Nilidhani ni shemeji yangu, yule mwashi, alikuwa anapita hapa kila siku saa zile. Ningejua kuwa ni wewe…

Hakumalizia. Akafuta mikono yake kwenye shati ingawa haikuwa imelowa.

— Kila ukinishukuru mbele za watu nasikia aibu, mwanangu. Shukrani si yangu. Nilikosea mtu.

Mimi niliogopa kumtazama Fundi. Niliona kama mtu amekwenda kwenye msingi wa nyumba yake na kuchomoa tofali.

— Najua, mzee, akasema Fundi Kufuli.

— Unajua nini?

— Kwamba ulinikosea. Uliniita shemeji mara tatu. Ukaniambia, "Dada yako amekalia miwani yangu." Mimi sina dada, mzee.

— Na wewe ukasemaje?

— Nikasema, "Pole, shemeji."

Mama Sindano ndiye aliyeanza kucheka, halafu tukacheka wote, mpaka mteja wangu na povu lake. Mzee naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa na maji ndani.

— Kwa nini hukuniambia?

— Kwa sababu jina lilinikaa vizuri. Nilikuwa nimezoea kuitwa kwa namba. Nikasema moyoni, ngoja niwe shemeji wa mtu dakika kumi, nione inakuwaje. Dakika kumi zikapita, na hakuna kilichopotea.

Akageuka akakaa akimtazama mzee uso kwa uso.

— Lakini si hilo ninalokushukuria. Uliporudi na ndoo ulinisogelea, ukanitazama karibu hivi. Ukanitambua. Nilikuona ulivyoshtuka. Ukazungusha macho ukahakiki vikombe vyako. Nikajua sasa ananifukuza. Wewe ukanyamaza, ukapika kahawa, ukamimina kikombe cha kwanza, ukanipa.

— Kilikuwa chako, akasema Mzee Birika, kana kwamba anaelezea jambo la wazi kwa mtoto. Ulishashika.

— Ndiyo hicho. Birika uliniachia kwa makosa. Kikombe ulinipa ukinijua. Miaka yote hii nakushukuru kwa kikombe, wewe ukidhani nakushukuru kwa birika.

Mzee akainamisha kichwa. Mimi nikamwambia mteja wangu afumbe macho nimfute uso, kumbe nataka afumbe asinione.

Mtafiti aliuliza swali lake taratibu, na nina hakika halikuwemo kwenye yale arobaini.

— Mzee, kama siku ile ungekuwa na miwani, ungemwachia birika?

Mzee Birika akaitazama karatasi iliyolala chini ya kikombe. Sisi wenye saini, wenye mifuko, wenye milango na visogo, hatukuwa na la kumsaidia. Kwa sababu swali lilikuwa letu pia, na lilikuwa na siku tatu pale benchini.

— Hodi hapa, ikasema sauti.

Alikuwa ni Bati. Amekonda, kidevu kimejaa ndevu, viatu havina kamba, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye shati moja na sahani. Fundi akainuka haraka mpaka ufunguo ukaanguka.

— Bati? Si tulisema kesho? Nilikuwa nije kukuchukua.

— Kesho ofisi zimefungwa, kaka. Wametutoa leo.

Akaamkia, tukaitikia kwa sauti ndogo. Halafu macho yake yakafika kwenye lile birika la bati, kwenye mfuniko uliobonyea, yakabaki hapo.

— Mzee, akasema, nimekuja kukuomba radhi. Sina kitu mkononi, nina maneno tu. Nilichokifanya nakijua. Nikishasema nitaondoka, kuna mtu ananisubiri stendi.

Mtu huyo tulimjua sote. Ndiye waliyekuwa pamoja siku ile ya birika, yeye akakimbia, Bati akakamatwa. Nilimwona Fundi Kufuli anavyomtazama mzee. Sijawahi kumwona anaomba, na pale alikuwa anaomba kwa mwili mzima.

Bati akabadilisha mfuko mkono. Alikuwa ametembea, vumbi limefika magotini. Akanyooshea kidole nafasi ya katikati ya benchi, penye karatasi.

— Samahani. Hapa pana mtu?

Watu watano tulioongea tangu saa nne bila kunyamaza, tukakosa jibu la swali hilo. Faili aliukuna ubao kwa ukucha. Mimi mwenye ukuta nilikuwa na haki ya kujibu kuliko wote, na nilisimama mlangoni na wembe wangu kama sanamu. Bati akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akageuka.

— Wewe, akasema Mzee Birika.

Akaishika miwani iliyoning'inia kifuani. Akaifuta kwa pindo la shati, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, hakuharakisha. Akaivaa. Akamtazama Bati kuanzia viatu visivyo na kamba mpaka ndevu, kisha akarudi kwenye macho akakaa hapo.

— Wewe ni Bati.

— Ndiyo, mzee.

— Fundi wa kuezeka.

— Ndiyo, mzee.

— Ndiye uliyechukua birika la baba yangu.

— Ni mimi, mzee.

— Haya. Maji yameniishia.

Akainama akanyanyua ndoo. Nilikuwa karibu, niliyaona maji yakicheza ndani, zaidi ya nusu. Sikusema, na Faili aliyeyaona pia hakusema, na kwa Faili hilo ni tukio la kuandikwa.

— Nishikie birika, akasema mzee. Naenda bombani.

Kocha alinyanyuka nusu. Miaka miwili ilikuwa inamsukuma.

— Kaa, Kocha, akasema Mama Sindano dirishani. Wala hakusema kwa ukali.

Kocha akakaa.

Bati hakuelewa mara moja. Alimtazama Fundi, Fundi akamwonyesha kigoda kwa kidevu. Akaweka mfuko chini, akakaa, akashika mkono wa birika kwa mikono miwili ingawa lilikuwa jikoni na halihitaji kushikwa. Tulimwacha hivyo hivyo.

Kioo changu cha kunyolea kinaona dirisha la nyuma mpaka bombani. Nilimwona mzee amesimama pale ametugeuzia mgongo, maji yanafurika kwenye ndoo yanamwagika miguuni pake, na hageuki. Hakugeuka hata mara moja. Dakika kumi zikapita, zikapita nyingine.

Huku nyuma niliitoa karatasi chini ya kikombe nikaiweka ukutani kwangu, nikatia saini. Nilipaswa kufanya hivyo Jumatatu, na nalisema hapa wazi. Nikampa Mama Sindano dirishani, akatia yake, akaipuliza kama wino unahitaji. Faili akachukua kalamu ya mtafiti, akaandika jina lake kwa madaha, na sote tuliiona ile saini ikishuka, ikishuka, mpaka ukingoni mwa karatasi. Kocha aliangalia pembeni asije akacheka. Ni upendo, sina jina lingine.

Akapita mbeba mizigo mmoja, hatumjui wala yeye hatujui, akaomba kahawa. Bati akammiminia, tone moja likaanguka. Yule bwana akanywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe.

— Asante, kaka, akasema, akaenda zake.

Bati alibaki amekishika kile kikombe kitupu. Fundi Kufuli alikuwa ameshika tupa na ufunguo na hafanyi kazi, machozi yanamshuka wazi, hata hakuyafuta.

Mzee Birika akarudi, suruali imelowa mpaka magotini. Akahesabu vikombe vyake kwa macho, waziwazi, mbele ya Bati. Akaiona karatasi, akaisogeza karibu na miwani, akatia saini yake chini ya ile ya Faili. Halafu akapika. Akamimina kikombe cha kwanza, akampa Bati.

— Mzee, mimi nimekaa muda mfupi tu.

— Umeshika. Kunywa kabla haijapoa.

Bati akanywa. Mimi nikamwambia akimaliza aingie ndani nimtoe zile ndevu, kazini kwa Fundi haendi hivyo, na mtu wa stendi ataona mwenyewe njia ya kurudi kwao. Akacheka kidogo, akasema asante, kaka. Nikamwambia asante ni yangu, na sikumfafanulia.

Mtafiti alikuwa anafunga begi lake. Akasita.

— Mzee, samahani. Lile swali langu hukulijibu.

— La siku ile silijui jibu lake, binti yangu, akasema Mzee Birika, akimimina cha pili. Siku ile sikuwa na miwani. Leo ninayo.

Akampa Kocha kikombe.